Paka Ameumia: Namna ya Kumvusha Hadi kwa Daktari

Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Aliyevunjika nyonga anaweza kujikokota mpaka uvunguni mwa kitanda, akajikunja na kufumba macho, na mwenye nyumba akadhani ni usingizi tu. Kwa hiyo kilio si kipimo. Anayelia kwa sauti mara nyingi bado ana nguvu. Aliyenyamaza, aliyejificha, asiyegeuza hata sikio akiitwa, huyo ndiye wa kukimbiliwa.

Huduma ya kwanza haimponyi paka. Kazi yake ni kumvusha akiwa hai kutoka pale alipoumia hadi mezani kwa daktari wa mifugo, bila mikono yetu kumwongezea jeraha la pili. Na majeraha ya pili ni mengi: paka anayepumua kwa shida akabanwa ndani ya taulo, aliyelamba sumu akanyweshwa maji ya chumvi, aliyevunjika mguu akafungwa vijiti vilivyozuia damu kufika kwenye vidole. Humu nitataja sana yasiyofaa kufanywa, maana kwa paka hayo yana uzito sawa na yale yanayofaa.

Mtazame kabla hujamgusa

Simama hatua mbili kutoka alipo, umtazame kwa sekunde 15. Hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka, kisha zidisha kwa 4. Paka mzima aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika, na tumbo lake halisukumi. Akizidi 40 ilhali amepumzika, au akipumua kwa mdomo wazi, au akichutama na shingo ameinyoosha mbele na viwiko ameviachanisha na kifua, hiyo ni dharura hata kama hakuna tone la damu. Mbwa hutweta kwa joto na kwa furaha. Paka akitweta, isipokuwa kwa dakika chache baada ya mchezo mkali au hofu kubwa, mara nyingi kuna kitu kimeharibika kifuani.

Ukimfikia, inua mdomo wa juu utazame ufizi. Ufizi mzuri una rangi ya waridi na umelowana. Ubonyeze kwa ncha ya kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Mweupe kama karatasi maana yake damu inapotea au mzunguko wake umedorora. Wa samawati au zambarau: oksijeni haitoshi. Wa kahawia, kama matope: fikiria sumu ya parasetamoli mara moja. Mwekundu wa tofali: joto limempanda kupita kiasi, au ana maambukizi makali. Baadhi ya paka wana ufizi mweusi wa asili. Kwao vuta kope ya chini utazame ndani yake. Fanya zoezi hili leo akiwa mzima, ili ujue rangi yake ya kawaida ni ipi.

Moyo wa paka hupiga mara 140 hadi 220 kwa dakika. Utausikia ukizungushia kiganja kifua chake nyuma tu ya viwiko. Hapa pana jambo linalowapotosha wengi waliosoma ushauri wa mbwa: paka aliyeingia katika mshtuko wa mwili, yaani mzunguko wa damu umeanza kushindwa, mara nyingi moyo wake hauendi mbio. Hupungua kasi, mwili ukapoa, ufizi ukawa mweupe. Paka wa baridi, mweupe, mwenye moyo wa polepole ni mgonjwa mahututi, hata kama anaonekana mtulivu. Mfunike blanketi, weka karibu naye chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, uondoke naye.

Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, kwa kipimajoto cha dijitali kilichopakwa mafuta ya mgando na kuingizwa sentimita 1 hadi 2 katika njia ya haja kubwa. Kugusa masikio hakukuambii kitu cha kutegemea. Na kama anahangaika kupumua, kipimo hicho kiache kabisa.

Kumshika

Maumivu hayamjui bwana. Paka mpole kuliko wote atamng'ata anayempenda, na meno yake ni membamba na marefu, hupanda vijidudu ndani kabisa ya nyama kisha tundu likajifunga juu. Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uonwe na daktari wa binadamu siku hiyohiyo, kwani mkono unaweza kuvimba kabla ya siku kuisha. Kama paka hajachanjwa kichaa cha mbwa, au hujui historia yake, liseme hilo wazi.

Tumia taulo kubwa na nene. Mshushie kutoka nyuma, lifunike mabega na kichwa, likusanye chini ya mwili, umwinue kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Pua ibaki huru. Usimning'inize kwa ngozi ya shingo. Paka mkubwa ni mzito kwa namna hiyo, na kama uti wa mgongo umeumia utamaliza kazi ambayo ajali haikuimaliza. Ukihisi mgongo au nyonga vimevunjika, mtelezeshe juu ya kitu kigumu kilicho bapa: sinia, ubao, mfuniko wa kontena. Mwache alale vile alivyochagua mwenyewe. Usimlaze chali.

Mguu uliovunjika usiunyooshe wala usiufunge vijiti. Kwa mifupa myembamba kama hii kifungo cha nyumbani huteleza, kikawa mzigo unaoning'inia chini ya mvunjiko na kuuzungusha. Kisanduku kidogo chenye taulo nene ndicho kifungo bora, kwa sababu kinamnyima nafasi ya kutembea. Mfupa ukitokeza nje, ufunike kwa shashi iliyolowanishwa maji ya chumvi ya hospitali. Usiurudishe ndani.

Anapohangaika kupumua

Hii ndiyo dharura inayohitaji mikono michache kuliko zote. Hewa au maji yakijaa kifuani, paka anaishi kwa juhudi ya kila pumzi, na kushindana naye kwa dakika moja tu kunatosha kumuua. Usimfunge taulo, usimpe dawa wala maji, usimlaze ubavu. Sogeza kisanduku mbele yake aingie mwenyewe, au mwinue kwa mikono miwili akiwa amekaa kifudifudi. Chumba kiwe kimya na chenye hewa. Jeraha lililotoboa kifua, ambalo unasikia hewa ikifyonzwa, lifunike kwa shashi iliyopakwa mafuta ya mgando ukiishikilia kidogo kwa mkono. Akizidi kuhangaika baada ya kulifunika, iinue mara moja hewa itoke.

Kukabwa kwa kweli ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Paka anayechutama, akanyoosha shingo karibu na sakafu na kukohoa kikohozi kikavu, mara nyingi anasumbuliwa na pumu au mpira wa manyoya. Aliyekabwa hujikwangua mdomo kwa nyayo, hatoi sauti ya hewa, ufizi hubadilika rangi, huanguka. Kwake, shika kichwa kutoka juu, shusha taya la chini, tazama. Ukikiona kitu na unaweza kukibana kwa kibano, kitoe. Usipokiona, usipeleke kidole. Utakisukuma chini zaidi. Mlaze ubavu, weka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, sukuma kwa haraka kuelekea mbele na juu mara 3 hadi 5, utazame tena mdomoni.

Moyo ukisimama

Hana fahamu, hapumui, haitikii hata akibanwa katikati ya vidole: anza kumkandamiza kifua bila kupoteza muda kutafuta mapigo. Mwongozo wa kimataifa wa RECOVER wa kufufua mbwa na paka, uliotolewa 2012 na kupitiwa upya 2024, unakubali kwa paka mbinu kadhaa, mojawapo ni ya mkono mmoja: mlaze ubavu juu ya sakafu ngumu, zungushia kiganja kifua nyuma ya viwiko, dole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, kandamiza. Kifua kishuke theluthi moja hadi nusu ya upana wake, kisha ukiachie kirudi kabisa kabla ya kukandamiza tena. Watu wengi hukosea hapo, huuegemea mkono na moyo haupati nafasi ya kujaa. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kila baada ya mikandamizo 30, funga mdomo wake, nyoosha shingo, zungushia midomo yako pua yake, pulizia pumzi 2 za sekunde moja moja. Puliza kiasi cha kuona kifua kikiinuka tu, maana mapafu yake ni madogo na pumzi kamili ya mtu mzima huyapasua. Endelea dakika 2, pumzika kidogo sana kutazama kama anapumua, endelea. Kama mko wawili, badilishaneni kila dakika 2. Wanaorudi ni wachache, na uwezekano ni mkubwa zaidi moyo unaposimama kwa ghafla, kama kwa umeme au kuzama majini, kuliko kwa ugonjwa wa muda mrefu. Paka anayepumua mwenyewe usimkandamize kamwe.

Kuanguka na kugongwa

Paka hugeuka hewani akatua kwa miguu, jambo linalowafanya watu waamini hadhuriki. Anatua kwa miguu, kweli, kisha kidevu na kifua hupiga sakafu. Majeraha ya kawaida ya aliyeanguka kutoka juu ni kaakaa lililopasuka katikati, taya, meno, miguu ya mbele na hewa iliyovuja kuzunguka mapafu. Aliyegongwa na gari huongeza nyonga, kibofu kilichopasuka, na kiwambo cha kifua kilichochanika kikaruhusu utumbo kupanda mbavuni.

Mengi kati ya haya hayaonekani saa ya kwanza. Mkojo ukivujia tumboni, dalili huchukua siku moja au mbili kujitokeza. Kwa maoni yangu hakuna paka aliyeanguka kutoka ghorofani au kuguswa na gari anayestahili kuachwa "tuone kesho", hata akitembea. Dalili nzuri ya kukisia aligongwa hata kama hukuona: makucha yaliyokwaruzika na kupasuka ncha, kwa sababu huyakita ardhini anapoburuzwa. Usimbonyezebonyeze tumbo kutafuta palipouma. Matumbo yakitoka nje, yafunike kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya chumvi ya hospitali, usiyarudishe, na umzuie kulamba.

Damu

Paka ana damu takriban mililita 60 kwa kila kilo. Wa kilo 4, basi, ana mililita 240 hivi, kiasi cha glasi moja ya maji. Akipoteza robo yake, mililita 60, tayari yuko hatarini. Doa ambalo kwa mtu ni dogo, kwake ni msiba.

Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu ya wastani dakika 5 kamili ukitazama saa. Usichungulie. Kila ukiinua unang'oa donge lililoanza kuganda na unaanza upya. Damu ikipenya, ongeza tabaka juu yake, la kwanza liache. Kitu kilichochoma na kubaki ndani kiache kilipo, ukandamize kandokando yake. Kamba ya kukaza mguu ni ya hatua ya mwisho kabisa, damu inaporuka na mkono umeshindwa. Andika saa uliyoifunga.

Bendeji ikihitajika kwa safari, vidole viwili vyako vipite chini yake bila kulazimisha, na ncha za vidole vya paka zibaki nje uzitazame. Zikivimba, zikipoa au zikiachana, ilegeze. Ukucha uliokatika unatoka damu nyingi kuliko uzito wa jeraha: chovya kwenye unga wa mahindi laini, bana dakika 3.

Vidonda vya kuumwa na paka mwenzake havitoki damu nyingi, ndiyo hatari yake. Tundu hujifunga, na baada ya siku 2 hadi 5 linaibuka jipu na homa. Nyoa manyoya, suuza kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, au klorheksidini iliyozimuliwa: ile ya asilimia 4 changanya sehemu 1 kwa 79 za maji, ya asilimia 2 sehemu 1 kwa 39. Hakikisha si ile yenye sabuni, na isifike machoni wala masikioni. Spiriti na peroksidi huua vijidudu pamoja na nyama changa inayojaribu kuziba kidonda, usizitumie. Mafuta ya miti yenye harufu kali usiyasogeze kabisa, ni sumu kwake.

Sumu: ini la paka halisamehe

Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuunganisha kemikali nyingi na asidi ya glukuroniki, njia ambayo binadamu na mbwa huitumia kuzitoa mwilini. Kwa hiyo dawa isiyo na shida kwa mtoto mchanga inaweza kuwa kifo kwa paka. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Hugeuza damu yake isiweze kubeba oksijeni: ufizi unakuwa wa kahawia, uso na nyayo vinavimba, pumzi inakuwa ya haraka. Ipo dawa ya kuitibu, asetilisisteini, lakini inamfaa anayefikishwa mapema. Ibuprofeni hushambulia figo na tumbo. Usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu, hata kipande.

Kisa kingine kinachojirudia ni matone ya viroboto ya mbwa. Mengi yana permethrini ya asilimia 45 hadi 65, na paka hapaswi kuguswa nayo; hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa siku hiyo kunaweza kumdhuru. Masikio na uso huanza kupwitapwita, hutembea kama anakanyaga miiba, kisha mwili wote hutetemeka na degedege likafuata. Kama bado hana degedege, muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza, rudia, mkaushe vizuri. Yasiwe ya moto, kwa kuwa hupanua mishipa ya ngozi na kuingiza sumu zaidi. Yasiwe ya baridi, kwa kuwa paka aliyepoa hutetemeka zaidi. Kisha kwa daktari, hata kama ametulia.

Maua ya jamii ya Lilium na Hemerocallis, yale ya yungi yanayopendwa kwenye vyombo vya mezani, huua figo za paka. Si jani tu: chavua aliyoilamba kwenye manyoya inatosha, au maji ya chombo. Hutapika, halafu anaonekana kupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Matibabu ya maji ya mishipa yanapaswa kuanza kabla ya saa 18 kupita. Figo zikishasimama kutoa mkojo, matumaini ni madogo sana. Nyumba yenye paka isiwe na maua haya.

Kimiminika cha kupozea injini chenye ethilini glikoli ni kikali zaidi: kijiko kimoja cha chai cha kimiminika ambacho hakijazimuliwa kinaweza kumuua paka wa kawaida, na dawa humsaidia akiipata ndani ya saa 3. Hutembea kama mlevi, kisha huonekana amepona. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda hukaa kimya siku 2 hadi 5 kabla ya kutokwa na damu, usisubiri dalili.

Sasa kosa kubwa: kumtapisha. Chumvi hupandisha sodiamu mwilini mpaka ubongo ukadhurika. Peroksidi huchoma tumbo la paka likatoka damu. Kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huingia mapafuni. Maziwa hayaondoi sumu. Kumpa mkaa wa dawa mwachie daktari, sababu ukimwagikia kwenye mapafu ni msiba wa pili. Kazi yako ni moja: mwondoe kwenye sumu, chukua pakiti au picha ya maandishi yake, kumbuka saa na kiasi, piga simu.

Kilichomwagika kwenye manyoya kitalambwa, kwa hiyo hesabu kuwa atakimeza. Mzungushie taulo shingoni asifikie mwili. Rangi ya mafuta au oili ya injini usiitoe kwa petroli wala mafuta ya taa. Ilegeze kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, au kata manyoya. Kwa unga wa kemikali, futa na kupeperusha kwanza ukiwa umevaa glavu, ndipo umwage maji.

Dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara

Hii haitoki damu wala haivunji mfupa, ndiyo maana inapuuzwa. Dume anachutama kwenye sanduku lake la mchanga, anajikamua, hatoi kitu au anatoa matone, anajilamba, analia. Watu husema amefunga choo. Wanampa mafuta na kungoja, ilhali mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana na umezibwa na kamasi, chembe au mshtuko wa misuli. Potasiamu inapanda katika damu hadi moyo unasimama, na aliyezibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku 1 hadi 3.

Hakuna huduma ya kwanza ya nyumbani kwa hili. Usimkamue kibofu, kimekaza kama limau na kinaweza kupasuka. Mpeleke leo, iwe usiku au mchana. Akianza kutapika na kulegea, mmeshachelewa, kimbieni.

Vivyo hivyo kwa paka anayepiga kelele ghafla, miguu ya nyuma ikalegea, nyayo zake zikawa za baridi na nyeupe au za samawati chini. Watu hudhani ameanguka. Mara nyingi donge la damu kutoka moyoni limeziba mshipa mkuu pale unapogawanyika kuelekea miguuni. Maumivu yake ni makali mno. Usimkande, usimpashe miguu kwa chupa ya moto. Ngozi isiyo na damu huungua haraka. Mtie kwenye kisanduku, ondoka.

Mengine, kwa ufupi

Uzi ukining'inia mdomoni au njia ya haja kubwa usiuvute. Mwisho wake mwingine umenasa ndani, mara nyingi chini ya ulimi, na ukivuta unaukata utumbo kama msumeno. Kata ziada ibaki sentimita chache ikiwa anaikanyaga, basi.

Kuungua: maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 10 hadi 20 juu ya sehemu iliyoungua tu, mwili uliobaki ufunikwe asipoe. Halafu nailoni safi ya kufungia chakula. Siagi na dawa ya meno hubakiza joto ndani. Aliyetafuna waya: zima swichi kuu kabla hujamgusa. Hata akionekana mzima, mapafu yanaweza kujaa maji ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo aonwe.

Aliyezidiwa na joto, mlowanishe kwa maji ya baridi ya kawaida tumboni, kwapani na nyayoni, huku feni ikimpuliza. Barafu hubana mishipa na kufungia joto ndani. Kipimajoto kikifika 39.5 acha kumpoza, kwa kuwa mwili utaendelea kushuka wenyewe.

Degedege: zima taa, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa, usimtie kitu mdomoni, hawezi kumeza ulimi. Likizidi dakika 5, au yakija mawili ndani ya saa 24, ni dharura. Jicho lililotoka nje ya kishimo lifunikwe kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi ya hospitali, iliyowekwa bila kubana, na iloweshwe njia nzima. Jicho lenye kemikali lisuuzwe dakika 15. Nyoka: usikate, usifyonze, usikaze kamba, asitembee, abebwe. Mtoto wa paka aliyepoa chini ya nyuzi 35 usimlishe kabla hajapata joto, tumbo lake limesimama na maziwa yatarudi mapafuni. Mpashe taratibu kwa saa moja au zaidi, umpake matone ya sukari iliyoyeyushwa kwenye ufizi.

Kisanduku cha dawa, simu na safari

Weka pamoja: shashi zisizonata za sentimita 10 kwa 10, bendeji laini ya upana wa sentimita 5 na ile inayojishika yenyewe, mkasi wa ncha butu, kibano, kipimajoto chake peke yake, mafuta ya mgando, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 nusu lita, sirinji za mililita 10 na 20 bila sindano, klorheksidini, glavu, taulo kubwa, kola ya koni. Maji ya chumvi yakikosekana, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa yatafaa kusuuzia. Ndani ya mfuniko andika namba ya daktari, ya kliniki inayofungua usiku, na uzito wa paka, kwa sababu dozi zote hukokotolewa kwa kilo.

Piga simu kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Taja kwa mpangilio huu: anapumuaje, ufizi una rangi gani, kilichotokea na saa ngapi, uzito wake, dawa ulizompa. Dakika moja ya simu inawapa nafasi ya kuandaa oksijeni. Usimpe chakula wala maji njiani, huenda akahitaji ganzi ya kulala.

Kisanduku kinachofunguka juu ni bora kuliko chenye mlango wa mbele pekee, kwa sababu daktari anaweza kumtibu bila kumvuta. Kikikosekana, boksi la karatasi ngumu lenye matundu linatosha. Lifunike kwa kitambaa chepesi, liwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele ambapo haliwezi kuteleza, redio izimwe. Mtu wa pili akae karibu nalo, mikono yake nje, akihesabu pumzi kila baada ya dakika chache na kuziandika.